Zawadi ya Fundi wa Mollo

Juzi niliingia ofisi moja ya televisheni ya kebo hapa Sumbawanga kulipia mwezi, nikakuta wanamuaga fundi wao anayestaafu. Mzee amewapandia nguzo mpaka magoti yamegoma. Meneja akamkabidhi kadi ya kutazama bure mwaka mzima. Tukapiga makofi.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. "Nashukuru, bosi. Ila mimi nakaa Mollo, na waya wetu haujafika huko."

"Kumbe mzee unakaa Mollo?" Meneja akaichukua tena ile kadi, taratibu, akamgeukia dada wa kaunta. "Basi chukua wewe, isipotee bure."

Tukapiga makofi tena, na mimi nikiwemo. Hayo ndiyo aliyoondoka nayo mzee. Bahati nzuri, makofi hayahitaji waya kufika Mollo.