Masanja Karudi Kutoka Kongo, Yuko Nje ya Ua

Baba alinipigia simu mwenyewe, na baba hapigi simu ovyo. "Mdogo wako amerudi kutoka Kongo. Yuko nje ya ua. Njoo." Nikauliza kwa nini yuko nje, akakata. Basi nikafunika cherehani, nikaacha sare za watoto wa watu bila vifungo.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niliondoka kwangu Ibadakuli kwa basi la Geita linalopita Kahama. Masanja, mdogo wangu, ni askari. Alikwenda Kongo na kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika, jeshi letu likiwemo, kuisaidia serikali ya kule dhidi ya waasi. Jirani yangu kwenye kiti, mnunuzi wa dhahabu wa Kalangalala, Geita, alinieleza vita yote.

"Kwa hiyo tulishinda?" nikamuuliza.

"Hatukushinda."

"Tukashindwa?"

"Nani kasema? Tumeondoka."

Halafu akasema wameondoka kwa kupitia Rwanda, nchi ile ile ambayo tangu basi lilipopita Tinde alikuwa akiniambia inadaiwa kuwasaidia waasi. Jamani! Akanichorea ramani kiganjani kwa kalamu, nikazidi kupotea.

Saa tano nilifika nyumbani, Ushirombo. Masanja alikuwa amekaa juu ya dumu nje ya ua wa minyaa, amekonda, viatu vya jeshi bado miguuni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona huingii kwenu?"

Akaelekeza kidevu kwa baba, aliyekuwa ndani ya ua na beseni la majani yaliyopondwa. Kwetu, aliyeua vitani haingii nyumbani wala hamshiki mtoto mpaka aoshwe kwa dawa, na anayemmwagia maji ni dada yake mkubwa. Baba hakosi misa ya kwanza Jumapili, lakini hili hajawahi kulipeleka kwa padri.

"Muulize wewe kama aliua," baba akaniambia nilipoingia. "Mimi ananijibu upuuzi."

Nikatoka, nikamuuliza.

"Sijui, dada."

"Hujui vipi?"

"Walitupiga kutoka mlimani, kwenye ukungu, nasi tukapiga kule kule. Ukungu ulipoondoka hapakuwa na mtu. Labda niliua, labda nilipiga migomba. Nitajuaje?"

Nikampelekea baba jibu hilo. Akavua kofia, akaivaa tena. "Aliyeua anaoshwa. Asiyeua anaingia. Sasa asiyejua..." "Basi mwoshe tu," akasema mwishowe.

Masanja akakataa katakata. "Nikioshwa nimekiri. Sikiri nisichokijua."

"Basi ingia!"

"Na kama niliua? Nimshike Kabula kwa mikono hii?"

Kabula ni binti yake, alizaliwa yeye akiwa Kongo. Alikuwa hajamgusa.

Siku mbili tulikula ugali sisi ndani ya ua, yeye nje. Nilikuwa na hasira na kila mtu, waliompeleka na waliomrudisha, baba, hata yule bwana wa dhahabu na kalamu yake.

Siku ya tatu asubuhi, wakati mke wa Masanja akifagia, Kabula alitambaa akatoka langoni. Masanja akasimama, akarudi nyuma. Mtoto akamfuata. Akarudi tena nyuma, mpaka wote wawili wakawa barabarani.

"Mnyanyue!" mkewe akapiga kelele. "Pikipiki inakuja!"

Mikono ya Masanja ilinyooka, ikaganda. Ni mimi niliyekimbia nikamdaka mtoto, na pikipiki ikapita ikinipigia honi.

Masanja akarudi, akakaa juu ya dumu lake. "Dada, lete beseni."

"Umekumbuka?"

"Sijakumbuka kitu. Lete."

Nilimmwagia maji huku nalia waziwazi, baba kageukia ukutani. Kisha Masanja akambeba mwanawe. Kabula akaangua kilio, kwa kuwa hamjui.

Saa nane mchana nilipanda basi la kurudi. Hapa Ibadakuli wateja wangu wananiuliza vita iliishaje, nani kamshinda nani. Nawaambia vita siielewi mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu amekubali kuwa muuaji, bila kujua kama ni kweli, ili ambebe mwanawe.