Wiki Moja ya Soksi Ndefu

Sewdat Bisnauth alikuwa amepika sukari misimu ishirini na saba katika kiwanda cha Rustwijk, pwani ya Guyana, siku meneja, Bwana Farnum, alipomwita ofisini na kumwambia akae. Huko kuambiwa akae ndiko kulikomtia wasiwasi. Miaka yote hiyo mameneja walikuwa wamemwita mara nne, na mara zote nne alisimama.

Msimamizi wa zamu alikuwa anastaafu, na Farnum alitaka Sewdat ashike nafasi yake. Angekaimu wiki moja, na Jumamosi saa sita mchana angeleta jibu. Akikubali, angerudisha kadi ya chama cha wafanyakazi, angevuka mfereji na kuhamia kwenye nyumba za mabosi, na angevaa kaptula ya kaki na soksi ndefu kama wao. Akikataa, nafasi ingekwenda kwa mtu wa mjini Georgetown mwenye cheti.

Sewdat alitoka bila kujua kama ameshukuru au hakushukuru.

Nyumbani mkewe, Dhanrajie, alikuwa anapiga chapati. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Alikuwa amechota maji kwenye bomba la barabarani tangu alipoolewa.

"Nikuambie ukweli, Baba Kamla," alisema. "Mimi nyumba yao siitaki. Nalitaka bomba lao. Lakini usikubali kwa ajili yangu, halafu uje uninunie miaka kumi."

Sewdat alikula chapati mbili na bilingani ya kuchoma, akainuka kabla ya kumaliza, akaenda kutembea juu ya tuta la mfereji. Akarudi, akakaa, akainuka tena. Magoti yalikuwa yanamuuma kwa kusimama karibu na mvuke, na alijua hayatapona. Lakini alijua pia kitu kingine. Mbali na tangi lake la kupikia sukari, hakuwa na hakika yeye ni nani.

Siku hizi husemwa kwamba sukari hupikwa na mishale na namba za vipimo. Wakati ule ilipikwa kwa kidole gumba. Mpishi alichomeka fimbo yake ya shaba kwenye tundu la tangi, akachota shira, akaipaka juu ya kipande cha kioo na kukiinua dirishani aone chembe zinavyokua. Kisha aliisugua shira kati ya gumba na kidole cha shahada, akitega sikio kama mtu anayenong'onezwa. Hakuna shule iliyofundisha hayo. Ulifundishwa na mtu, na mtu huyo alifundishwa na mtu. Aliyemfundisha Sewdat ni Ulric Cummings, mzee mweusi, mrefu, mkimya, ambaye bado alipika tangi la jirani.

Na kulikuwa na mwiko. Fimbo ya mpishi haikuguswa na mtu bila kupewa na mwenyewe. Hata meneja alisema, "Naomba nione." Na tangi lilikuwa la aliyelianza. Yeye ndiye aliyelitia mbegu ya chembe, na yeye ndiye aliyetamka neno la kulifungua sukari ishuke. Kumfungulia mtu tangi lake ilikuwa kumwambia mbele ya watu kwamba hajui kazi. Sewdat hakuwahi kuona jambo hilo likifanywa.

Jumatatu alivaa kaptula. Watu wa mapipa yenye matundu, yanayozunguka kuikausha sukari, walimpokea kwa heshima kubwa mno, wakavua kofia, na mmoja akamuuliza kwa sauti ya upole, "Mjomba Sewdat, kumbe una magoti? Miaka yote tulidhani miguu yako ni nguzo tu." Walicheka, naye akacheka, lakini mchana kutwa alijikuta akizivuta zile soksi juu.

Kazi yenyewe ilikuwa saa na karatasi. Ukutani palikuwa na ubao ulioonyesha kila tangi lifunguliwe saa ngapi, na yeye alitakiwa kuandika saa lilipofunguliwa kweli. Alipita kwenye matangi akiwa na daftari, mikono ikimwasha. Mara tatu siku ya Jumanne alijikuta amesimama mbele ya tangi lake la zamani, akimtazama mpishi wa akiba, na mara zote tatu aliondoka bila neno. Jumatano alipunguza kula. Dhanrajie alimwambia anatembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alhamisi mchana tangi la Ulric lilitakiwa kufunguliwa saa nane. Saa nane na dakika kumi lilikuwa bado. Sewdat alikwenda, na Farnum akamfuata nyuma, mikono mgongoni. Ulric alikuwa ameinua kioo dirishani. Sewdat alisema anaomba aone, akapewa kioo. Chembe zilikuwa nzuri, zenye ncha, lakini ndogo. Zilihitaji dakika ishirini, pengine ishirini na tano. Aliliona hilo kama anavyoiona sahani mezani.

"Bado, mdogo wangu," Ulric alisema.

 Farnum alitazama saa yake, kisha akamtazama Sewdat, akangoja.

Pengine kama angesemeshwa angebisha. Ukimya ule ndio uliomshinda. Siku nne alikuwa amekaa bila kufanya chochote, na sasa mtu alikuwa anangoja aone kama anaweza kufanya kitu. Sewdat alinyoosha mkono, akaitwaa fimbo ya shaba mkononi mwa Ulric, akawageukia watu waliokuwa chini ya tangi na kusema, "Fungueni."

Wale watu walimtazama Ulric kwanza. Kisha wakafungua.

Ulric hakugombana. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachukua kofia, akashuka ngazi. Sukari iliyotoka ilikuwa laini kama mchanga wa mto. Chembe zilipita kwenye matundu ya mapipa na kwenda zao na molasi, na watu walihangaika nayo mpaka mwisho wa zamu. Sewdat alingoja kuitwa ofisini. Aliitwa kweli. Farnum alimwambia kwamba hasara kidogo si kitu, ratiba ndiyo kitu, na kwamba leo ameonyesha ana moyo wa kuongoza. Akamkaribisha chai.

Kukaripiwa angekuvumilia. Ile chai ilimkaa kooni mpaka Jumamosi.

Hakwenda kwa Ulric siku ile wala Ijumaa. Aliishika fimbo chini ya kwapa, akaipeleka nyumbani, akairudisha, bila kujua pa kuiweka, kwa sababu huwezi kuisimamisha fimbo ya mtu mahali mwenyewe hakuiweka. Jumamosi saa sita aliingia ofisini akiwa na suruali yake ya zamani. Alisema anashukuru, lakini hapana. Farnum aliuliza kama ni habari ya mshahara. Sewdat alisema siyo. Farnum alisubiri sababu, hakuipata, akaichukua simu na kupiga Georgetown hata kabla Sewdat hajaufunga mlango.

Akaenda moja kwa moja kwa Ulric. Mzee alikuwa kwenye ngazi za nyumba yake akiparua samaki. Sewdat aliiweka fimbo kwenye ngazi ya chini na kuomba radhi. Alisema amekataa kazi. Alidhani maneno hayo yatatosha.

"Umekataa," Ulric alisema.

"Nimekataa, Kaka Ulric. Jumatatu narudi kwenye tangi langu."

"Nani amekwambia nilitaka ukatae?" Ulric aliweka kisu chini. "Alhamisi nilitaka useme bado. Neno moja. Limekushinda, basi, binadamu hushindwa. Lakini wewe ungelionea haya lile 'fungueni' maisha yako yote. Mtu mwenye haya ndiye niliyemtaka akae kule ng'ambo ya mfereji. Sasa wanatuletea mtu asiyejua kwamba kuna kitu cha kuonea haya."

"Nilidhani nakutendea haki."

"Umejitendea wewe. Mikono yako imebaki safi. Haya, nenda ukale."

Akaokota kisu na kuendelea na samaki. Fimbo aliiacha pale ilipowekwa.

Sewdat alirudi njia ya daraja la mfereji. Alifika katikati akasimama, akageuka kuelekea ofisini, akakumbuka simu, akageuka tena. Mwanamke aliyebeba majani ya mbuzi alimwomba apishe, akapisha, kisha akarudi palepale.

Yule mtu wa Georgetown alikuja Jumatatu, mpole, mwenye saa nzuri. Alifungua matangi kwa ubao, na kila zamu Sewdat alibishana naye. Alishinda siku moja kati ya nne, wakati mwingine hata siyo hiyo. Ulric alirudi kazini akiwa na fimbo yake, akapika msimu mmoja, akaacha. Mishale na namba vilipofika, wapishi wanne walibaki mmoja, na mmoja huyo alikuwa Sewdat. Hakukuwa na mtu kwenye tangi la jirani ambaye Sewdat angemwambia, "Naomba nione."