Usijifungie Siku ya Mapumziko

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huchoka upya, kana kwamba vyuma vya reli bado viko begani mwangu. Nataka kukueleza habari yake kwa sababu nimesikia umepata kazi na chumba kule Majengo, na kwamba Jumamosi ukitoka kazini unatia komeo mlangoni mpaka Jumatatu alfajiri. Sikulaumu. Mwili una haki yake. Lakini nisikilize, na ukiniona nimenyamaza usinihimize. Maneno ya mzee hupanda ngazi polepole.

Mimi nilikuja Mombasa kutoka Vanga, miaka ile reli inaanza kujengwa. Nikapata kazi Kilindini, kuteremsha vyuma kutoka melini. Chuma cha reli, mwanangu, jua likishakipiga hukishiki bila ya gunia. Jumamosi adhuhuri kazi ikifungwa nilikuwa nikirudi mtaani Kuze kwa miguu, nikiwapita watu barazani bila ya kuinua kichwa. Nilipanga chumba kwa Mwana Mishi, mjane mtu mzima aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Chumba cha pili, ukuta mmoja na changu, alikaa mchukuzi wa makaa ya meli. Tulimwita Msafiri, maana kila aliyemuuliza kwao ni wapi alijibiwa neno lile lile: "Mimi msafiri tu hapa."

Na siku za mapumziko mtaa wetu haukuwa wa kulala. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, wazee walikalia bao, wanawake walikwenda kuwaangalia wagonjwa na waliojifungua. Mtu akiwa na nyumba ya kukandika, vijana walimkanyagia udongo wakiimba, kisha wakapikiwa wali. Mimi na Msafiri tuliyasikia yote hayo tukiwa tumejilaza, kila mmoja upande wake wa ukuta. Mara nyingine nilimsikia akikohoa. Naye bila shaka alinisikia nikikoroma. Hatukuwahi kuulizana hali.

Jumapili moja Mwana Mishi alimwekea Msafiri mahamri mlangoni, kama alivyozoea kuwawekea wapangaji wake. Adhuhuri akayakuta pale pale, yamejaa sisimizi. Akanigongea.

"Njoo unisaidie, baba. Mwenzio haitiki."

Tukausukuma mlango pamoja. Alikuwa amejikunja juu ya mkeka, kata ya maji imeanguka ubavuni mwake, na mwili umekwisha kupoa. Homa ilikuwa imemmaliza kimya kimya.

Wanaume wa mtaa hawakungoja kuambiwa. Waliacha bao lao, wakaleta jeneza la msikiti, wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia. Na mimi nilikuwamo katika kumwosha, nilimshika mkono. Tulipokwisha kumfukia, mwalimu wa msikitini aliketi kichwani pa kaburi amsomee talkini, na katika talkini, mwanangu, maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake. Akatugeukia.

"Jina lake nani? Na mama yake ni nani?"

Watu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa na miezi mingi nyuma ya ukuta ule, na jina lake sikulijua. Mwalimu akasema kwa upole, "Ewe mja wa Mwenyezi Mungu, mwana wa Hawa..."

Sote ni wana wa Hawa, kweli. Lakini yuko mwanamke aliyebeba mimba ile na kumnyonyesha mtoto yule, na siku ile jina lake halikutajwa.

Jioni nilimkuta Mwana Mishi barazani na majirani. Nikataka kupita.

"Kaa hapo," akaniambia. "Na wewe mama yako ni nani?"

"Nimechoka, mama. Niwie radhi nikalale."

"Sikukuuliza kama umechoka. Nani asiyechoka? Mimi tangu alfajiri niko mbele ya moto."

"Sina ugomvi na mtu, mama. Aliye kando haangukiwi na mti."

"Haangukiwi na mti, baba, lakini na kivuli hakipati. Mama yako nani?"

"Mwanaisha binti Bakari, wa Vanga."

Akalirudia jina lile kwa sauti, mara ya pili akawageukia majirani ili walisikie. Nikakaa.

Tangu hapo nikawa mtu wa barazani. Sikuambii ilikuwa tamu. Mgongo uliniuma, na mara nyingi nilisinzia bao likichezwa, wakanipa jina la Bwana Usingizi. Lakini jina la utani huwapata waliopo.

Nilikuwa nimeketi hivyo Jumamosi moja, alipofika mwanamke mwenye uchovu wa safari. Alitoka Siyu. Alikuwa akimtafuta kaka yake, Shebwana, mtu mrefu, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Jana yake alikwisha kupita mtaa huu huu akilitaja jina hilo, akaambiwa hajulikani. Nao waliomwambia hawakusema uwongo.

Mimi nikaukumbuka ule mkono niliouosha. Nikamwambia, na ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko chuma chochote nilichopata kukibeba. Hakupiga ukelele. Aliketi chini, Mwana Mishi akamletea maji.

Baadaye akauliza, "Alikuwa akipiga ngoma huku?"

"Ngoma?"

"Kwetu harusi haikuwa harusi bila yeye. Mama alikuwa akimtoa nje kwa sababu ya makelele yake."

Mwana Mishi akamshika bega. "Basi twambie wewe alivyokuwa."

Akatueleza mpaka magharibi, mgeni akitujulisha jirani yetu wenyewe. Watu walicheka, wakafuta macho, wakacheka tena. Kesho yake, Jumapili, mtaa mzima tukamsomea hitma: Shebwana, mwana wa Mwanakombo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jumamosi ukirudi, lala. Usingizi si dhambi. Lakini alasiri amka uoge, uvae kanzu safi, ufungue mlango. Waamkie wa kulia na wa kushoto. Taja jina lako, la baba yako na la mama yako, hata kama hukuulizwa. Penye udongo wa kukanyagwa, kanyaga. Penye msiba, kaa, hata kama huna la kusema. Wengi wetu hatunalo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni kukaa na watu. Na ukiuona mlango wa mwenzio umefungwa kutwa, usiseme anapumzika. Gonga. Akikukasirikia, umeshamsikia sauti.

Nimechoka sasa, nifunike miguu. Mwenyezi Mungu akujaalie kazi isiyokuvunja mgongo, na usingizi mwema, na jirani atakayeshtuka siku ikipita hajakuona. Amin.