Maji ya Mtoto Yaliyosindikizwa

Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu sokoni Kombewa, nikishona upindo wa sare ya shule, tumbo liliponikaza kama ngumi iliyofungwa. Mimba ilikuwa ya mwezi wa saba. Nikatulia nikangoja lilegee. Lililegea, likarudi, na kila liliporudi lilikawia zaidi kuniachia.

Sikumwambia mtu pale sokoni. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka kabla ya wakati, na safari ile nilikuwa nimemwambia kila mtu, kisha kila mtu akapata la kusema. Wapo waliosema nilibeba mitungi mizito. Wapo waliosema ni chira, ile laana inayomfuata aliyevunja mwiko wa boma. Tangu hapo nikawa mtu wa kuangalia ni nani anayeulizia tumbo langu, na anauliza kwa nini.

Nikafunga kibanda, nikampigia simu mama mkwe wangu, tukakutana kwenye lango la hospitali ya hapo hapo. Mkunga akanipima, akasema mlango wa uzazi umeanza kufunguka, na kwamba mtoto wa umri ule anafaa kuzaliwa mahali penye vifaa vya kumtunza. Ambulensi ikatupeleka Kisumu, mama mkwe akiwa amekaa karibu na kichwa changu, akiomba kwa Dholuo, lugha yetu, na kukatiza maombi kila mara ili kumuuliza dereva kwa nini amepitia njia ile.

Katika hospitali kubwa walinipa vidonge vya kutuliza tumbo, na sindano ambayo walisema ingekomaza mapafu ya mtoto. Tumbo lilitulia kidogo. Asubuhi iliyofuata akaja daktari ambaye sikuwa nimemwona, mwanamke kijana mwenye nywele fupi na raba nyeupe. Alivuta kiti akaketi. Hilo pekee lilinitia wasiwasi, kwa maana madaktari wote niliowahi kukutana nao walizungumza wamesimama, huku mguu mmoja ukielekea mlangoni.

Alinieleza taratibu. Kuna wakati tumbo huanza uchungu mapema bila sababu kubwa, na hapo vidonge vya kutuliza husaidia. Lakini kuna wakati vidudu huwa vimeingia kwenye yale maji anamoelea mtoto, na tumbo linajitahidi kumtoa. Wakati kama huo, kulituliza ni sawa na kumfungia mtoto ndani ya nyumba inayofuka moshi. Na mama mwenyewe, alisema, anaweza asiwe na homa wala dalili yoyote. Alitaka kuingiza sindano nyembamba tumboni, achote maji kidogo. Zamani majibu yalichukua siku nyingi, mpaka yanafika mtoto ameshazaliwa au ameshakufa. Sasa walikuwa na kipimo kipya cha kutoa jibu upesi, kabla hata chai ya saa nne haijapoa. Halafu akaniuliza kama nakubali.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka kamili. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona mtu wa hospitali akiomba ruhusa. Walikuwa wakisema geuka, unageuka. Wakisema fumbua mdomo, unafumbua. Kama ni matibabu, anaomba nini? Anayeomba ni mtu anayehitaji kitu. Na kwetu kando ya ziwa hakuna asiyejua hadithi ya damu iliyotolewa kwa jambo moja ikapelekwa kwa jambo lingine. Sijawahi kukutana na aliyeiona kwa macho yake, lakini hadithi zenyewe ninazo tele.

Mama mkwe alikuwa akimenya chungwa. Aliliweka chini.

"Hayo maji yakitoka hapa yanaenda wapi?"

"Maabara, Mama. Hapo chini."

"Na yakishapimwa?"

"Yanayobaki yanatunzwa muda mfupi, halafu yanamwagwa."

"Yanatunzwa na nani?"

Daktari alijibu kwamba yanatunzwa na watu wa maabara. Mama mkwe akalichukua tena chungwa lake, akaendelea kumenya, na nikajua hakuridhika. Nikasema nitafikiri. Daktari alisema nifikiri, ila nisifikiri sana, kwa sababu tumbo langu halikuwa limelala. Kweli halikuwa limelala.

Mume wangu aliwasili akitokea Usenge, anakotengeneza injini za boti, mikono yake bado ina harufu ya petroli. Kabla hajafika kitandani daktari alimvuta pembeni kwenye ujia. Niliwatazama kupitia kioo cha mlango. Daktari alisema, mume wangu akaitikia kwa kichwa. Daktari akasema tena, na safari hii mume wangu akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Alipoingia aliniambia neno moja tu, nikubali. Nilimuuliza ameambiwa nini. Akasema ameambiwa yale yale niliyoambiwa. Sikumwamini. Katika yale niliyoambiwa mimi hapakuwa na la kumfanya mtu atazame sakafu.

Daktari aliporudi nilimwambia nitakubali kwa sharti moja. Mama mkwe ayasindikize maji mpaka maabara, na asiyaondolee macho mpaka jibu litoke. Nilitegemea akatae. Kusema kweli nilitaka akatae, maana kukataa kungekuwa ushahidi wangu. Alifikiri kidogo.

"Sawa," alisema. "Lakini atasimama mlangoni, na hatagusa kitu."

Wakanilaza, wakanipaka dawa baridi, wakaweka kile chombo cha picha ili waone mtoto yuko wapi. Nilimwona kwenye kioo akivuta mkono wake mbali na sindano, kama anayejua. Maumivu hayakuwa makubwa kama nilivyoogopa. Kilichonishtua ni maji yenyewe. Nilidhani yatakuwa maangavu kama ya kisimani, nayo yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari aliyainua kwenye mwanga, akayatazama, akakifunga kichupa. Mama mkwe alijifunga leso yake upya, akamfuata muuguzi aliyebeba kichupa, hatua kwa hatua, kama anayesindikiza bibi harusi kwa bwana harusi asiyemwamini.

Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, na amewasimulia wengine mara nyingi. Alisimama mlangoni kama alivyoamriwa. Mtu wa maabara aliangusha matone kwenye kidude kidogo kama kile cha kupimia mimba, na mistari ikajitokeza. Matone mengine aliyapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akaweka chini ya hadubini. Alipomwona mama mzee amekodoa macho pale mlangoni, alimwita aje achungulie. Mama mkwe alichungulia.

Alirudi wodini kabla ya daktari.

"Viko, nyathina," aliniambia. Kwa Dholuo maana yake ni mtoto wangu, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. "Vimetapakaa kama dagaa wa omena walioanikwa kwenye wavu. Nimeviona mwenyewe."

Daktari alipokuja alisema yale yale kwa maneno marefu zaidi. Kwa kuwa midomo miwili ilikuwa imesema jambo moja, na mmoja ulikuwa mdomo wa mtu niliyemjua kwa ukali wake, niliamini. Wakaacha vidonge vya kutuliza tumbo. Wakanitundikia dawa za kuua vidudu kwenye mshipa. Nilijifungua jua likiwa bado liko juu, mtoto wa kike, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili vya mkunga. Alilia mara moja kwa sauti nyembamba, wakaondoka naye kumpeleka kwenye joto na dawa.

Kesho yake mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akauliza lile lililokuwa limemkwama tangu pale kwenye ujia.

"Vidudu hivyo vilitoka wapi?"

Nikaelewa kwa nini alikuwa ametazama sakafu. Daktari, aliniambia sasa, alikuwa amemuuliza kama yeye amewahi kuugua ugonjwa wa zinaa, na swali hilo lilikuwa limezaa maswali mengine njiani.

"Waulize wanawake wa Usenge," nilisema. Kila mtu anajua yanayosemwa kuhusu ufukwe ule, kwamba kuna wachuuzi wanaopata samaki kwanza kwa sababu ya urafiki wao na wenye boti. Yeye hakuwa mvuvi, lakini hakuna boti inayotoka bila injini.

"Na wewe waulize wanaume wanaokuja kupimwa suruali."

Mama mkwe alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa, amesikia yote. Hakumtetea mwanawe wala hakunitetea mimi. Aliweka beseni chini, akatoka, akarudi na daktari, akamwambia awaeleze hawa.

Daktari alieleza kwamba vidudu vingi vya namna ile huishi katika mwili wa mwanamke miaka yote bila kumdhuru. Wakati mwingine hupanda juu na kuingia penye mtoto, na mara nyingi hakuna ajuaye kwa nini. Si lazima awepo mtu aliyevileta. Kama mtu ana wasiwasi, apimwe. Tukapimwa wote wawili magonjwa ya zinaa, hayakuonekana. Nilimuuliza kama ile mimba ya kwanza ilitoka kwa sababu hiyo hiyo. Alisema huenda, lakini hawezi kuapa, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyepima. Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa lolote alilonifanyia.

Tulikaa hospitalini muda mrefu, mtoto akiwa amefungwa kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, apate joto. Kila sindano niliulizia jina lake na kazi yake, mpaka wauguzi wakazoea kunionyesha chupa kabla sijafungua mdomo. Siku moja mume wangu alikuja ameoga vizuri, hana hata chembe ya harufu ya petroli, akavua shati akaomba anipokee mtoto. Alikaa naye mchana mzima bila kusogea. Mimi na yeye hatukuzungumza sana, wala hatukuombana radhi, si siku hiyo wala baadaye.

Msichana sasa anakimbia, na mapafu yake humsumbua wakati wa baridi tu. Jumapili baba yake humbeba begani kwenda kanisani. Watu wakituambia kwamba mtoto amefanana na baba yake, mimi humtazama mume wangu kwanza, nione kama anaitikia. Huitikia, na hucheka.