Küngolt wa Lorenschachen, Aliyeketi Penye Pengo

Alizaliwa Lorenschachen, ukingo wa kushoto wa mto Reuss, tarehe 9 Februari mwaka 1598, katika majira ya baridi ambayo theluji ilifika kwenye vizingiti vya madirisha. Alibatizwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mkunga hakutarajia kwamba angeiona kesho. Baba yake, Jost Amrein, alikuwa mkuu wa matuta ya kijiji, yaani kingo za udongo zinazouzuia mto, kazi iliyokaa katika ukoo huo kwa vizazi vinne. Mama yake alifariki Küngolt akiwa na miaka saba, akamwachia kaka mkubwa, Melk, na mdogo wa mwisho, Uli, ambaye Küngolt alimlea mgongoni mwake.

Mwenye kutaka kuyaelewa maisha ya mtumishi huyu wa Mungu sharti kwanza auelewe mto. Kijiji chetu hakikuwekwa na watu mahali kilipo. Kiliwekwa na Reuss. Maji yashukayo milimani yalileta kokoto, yakazimwaga kwenye kona. Juu ya kokoto ikaota mierebi, chini ya mierebi ukajengeka udongo, na juu ya udongo huo wakaja watu ishirini na kitu na ng'ombe wao. Lakini mto ule hautoi bila kunyang'anya. Kila shamba lililozaliwa upande wetu lilikuwa shamba lililokufa upande wa kulia, kwa watu wa Ottenried. Basi tangu zamani kila kijiji kilijenga pembe, yaani ukuta mfupi wa vikapu vya mierebi vilivyojazwa mawe, unaoingia mtoni na kuyasukuma maji kwa jirani. Jirani naye akajenga ya kwake, ndefu zaidi. Enzi za babu zao, Ottenried waliifuata imani mpya ya Kiprotestanti pamoja na mji uliowatawala, sisi tukabaki na Misa chini ya abasia, nyumba kuu ya watawa. Tangu hapo ugomvi wa ardhi ukavaa joho la ibada, na ugomvi wa namna hiyo haulali mapema.

Wasimuliao utoto wa watakatifu hupenda kusema kwamba walikuwa wapole tangu kunyonya. Siwezi kusema hivyo juu ya Küngolt. Alikuwa mwepesi wa hasira, na ulimi wake ulikata. Alipenda nyama ya nguruwe ya moshi kiasi kwamba kila Kwaresima aliungama dhambi ile ile. Akiwa na miaka kumi na miwili alisuka vikapu vya mawe sawasawa na mwanamume, na siku watu wa Ottenried walipopiga kelele za dhihaka kutoka ng'ambo, yeye ndiye aliyewajibu, kwa maneno ambayo Padri Kaspar Iten, paroko wa siku zile, aliyaandika katika kitabu cha parokia kisha akayafuta kwa wino. Kitabu hicho kipo, nami nimekisoma sana katika miaka thelathini na moja ya kuhudumu hapa kama paroko. Mengi ninayoyasimulia yanatoka humo.

Wito wake ulikuja kwa njia ya msiba. Mwezi Mei mwaka 1621, pembe mpya ya Ottenried iliugeuza mkondo usiku mmoja tu, tuta letu likakatika, na Uli, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akachukuliwa na maji pamoja na ndama aliyetaka kumwokoa. Siku ya tatu mashua ilivuka kutoka ng'ambo. Ndani yake alikuwamo mwanamke peke yake, Madlen Suter, mke wa mkulima wa Ottenried. Alikuwa amemleta Uli, ameoshwa, nywele zimechanwa, amefungwa katika shuka la kitani lenye taraza nyekundu, shuka ambalo mtu yeyote wa Reuss angelitambua kuwa ni la harusi.

Wanaume wetu walisimama ukingoni na mapanga ya kukatia mierebi mikononi. Küngolt alishuka hadi majini.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Mume wangu hajui."

"Pembe yenu ndiyo iliyomuua."

"Najua, binti."

"Basi kwa nini umemleta?"

Madlen alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina akili. "Maji yamenimwagia mtoto mlangoni. Ulitaka nimsukume tena mtoni?"

Küngolt alimpokea ndugu yake kwa mikono miwili, na yule mama akageuza mashua yake akaenda. Padri Kaspar ameandika kwamba tangu siku hiyo jambo moja lilibadilika kwa Küngolt, dogo mno hata asingeliona kama asingekuwa anamjua. Kila Jumapili, baada ya mahubiri, kijiji kilisali kwamba Mungu auelekeze mto upande wa pili. Watu wote waliitikia "Amina". Küngolt hakuitikia.

Padri alimwita sakristini. "Mwanangu, una ububu?"

"Hapana, Baba."

"Mbona huitikii sala?"

"Ikifika kwenye mto, Baba, namwona yule mama. Nikisema Amina nitakuwa nimemwambia Mungu amzamishe."

"Ni wazushi wale."

"Ndiyo, Baba. Lakini wanazama kama sisi tu."

Padri alimpa kitubio, naye akakitimiza kwa uaminifu. Jumapili iliyofuata hakuitikia tena. Kwa miaka minane aliishi hivyo, akifanya kazi za nyumba ya kaka yake, kwa kuwa mzee Jost alikuwa amefariki na Melk amerithi ukuu wa matuta. Wachumba walikuja wawili. Wote aliwakataa, mmoja kwa adabu, na mwingine bila adabu sana. Wanawake kisimani walimwita Bibi Nusu-Amina. Aliposikia alicheka, akasema afadhali nusu iliyo ya kweli.

Jaribu lake kuu lilifika mwaka 1629, mwaka wa tauni. Ottenried iliwatenga wagonjwa wake katika ghala la nyasi kavu kwenye bonde la chini, karibu na mto, watu kumi na tisa, wengi wao hawawezi kusimama. Mwezi Juni joto liliyeyusha theluji ya milimani kwa mkupuo, juu yake ikaja mvua ya siku nne. Maji yalipanda. Melk alikuwa na pembe mpya, kubwa kuliko zote zilizopata kujengwa, iliyobakiza pengo moja tu la upana wa mkokoteni. Pengo hilo likizibwa, mto wote ungetupwa kulia, na bonde la Ottenried lingekuwa ziwa kabla ya jua kutua. Lisipozibwa, maji yangeingia malishoni kwetu. Wanaume thelathini walikuwa wamesimama tayari, vikapu vya mawe vimepangwa juu ya magogo.

Küngolt alipita katikati yao akiwa na viatu vya mbao mkononi. Aliingia penye pengo, maji yakamfika mapajani, akaketi juu ya mawe ya msingi mpaka yakamfika kifuani.

"Toka hapo," alisema Melk.

"Kuna watu kumi na tisa ghalani kule, kaka. Umewaona mwenyewe jana."

"Na sisi tuna ng'ombe mia na watoto wa kulisha. Nyasi zikienda, wakati wa baridi tutakula nini? Sala zako?"

"Tutakula kidogo."

"Walimuua Uli, Küngolt!"

"Ndiyo," alisema, na meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi. "Nami sitamlipia Uli kwa watu wasioweza hata kukimbia. Unataka kuziba, ziba. Ila utanizibia humu humu. Sitoki."

Mmoja wa wanaume akasema, "Mburuteni tu, ni mwanamke mmoja." Lakini hakuna aliyeshuka, maana maji yalikuwa makali na aliyemburuta angeweza kwenda naye. Melk alisimama na nguzo mkononi, ameegemea kikapu cha kwanza. Padri Kaspar, aliyekuja kubariki kazi ile, ameandika: "Nilikuwa na sala mdomoni na sikuweza kuisoma." Muda wa rozari nzima ulipita. Kisha Melk akaiacha nguzo ianguke, akageuka, akaenda zake.

Maji yaliingia kwetu. Malisho yote ya chini yalifunikwa na matope, ghala la Amrein likang'olewa, na ng'ombe kumi na wanne walikufa. Mtu hakufa hata mmoja, wala upande wetu wala ghalani Ottenried. Lakini mwenye njaa hahesabu waliopona. Mwezi Septemba baraza la kijiji lilikutana na kumkataza Küngolt moto na mkate Lorenschachen, yaani asipokewe wala kulishwa na nyumba yoyote. Atakayempokea naye apate adhabu hiyo hiyo. Melk alikuwa barazani. Hakumtetea.

Katikati ya mto kilikuwapo wakati ule kisiwa cha kokoto, chenye mierebi kumi hivi, ambacho kwa kuwa kilihama kila mwaka hakuna upande uliowahi kukidai. Huko ndiko alikohamia, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alijenga kibanda juu ya nguzo, akala samaki, maboga na mapeasi makavu yaliyoachwa juu ya mawe ya ukingoni na watu ambao asubuhi walijifanya hawamwoni. Mwaka wa kwanza baridi ilimkata vidole viwili vya mguu. Wakati wa Pasaka Padri Kaspar alivuka kwa mashua kumpelekea Ekaristi. Kabla ya kumkomunisha alipiga magoti kwenye kokoto akamwomba msamaha. Küngolt alimwambia, "Inuka, Baba, utalowana, na mimi sina joho la kukubadilishia."

Hakukaa pale kwa kujitenga na watu. Aliyajua maji kwa rangi yake na kwa harufu yake. Yalipoanza kupanda aligonga sufuria ya chuma, mara tatu upande huu na mara tatu upande ule, na vijiji vyote viwili vikapata muda wa kuhamisha mifugo. Aliwavusha waliotaka kuvuka. Waliozama aliwatoa majini, akawaosha, akawarudisha kwao, akiulizwa ni Wakatoliki au la alijibu kwamba bado hawajamwambia.

Kila alipovuta makasia karibu na ukingo wa kushoto alimwona Melk kwenye tuta. Kwa miaka kumi na mmoja hawakusemeshana.

Tarehe 3 Agosti mwaka 1640 mto ulikuja kama ambavyo hakuna mzee aliyewahi kuuona. Kufikia adhuhuri tuta letu lilikuwa linatoa jasho la matope, na nyuma yake palikuwa na kijiji kizima, kwa kuwa barabara ya kutokea ilikuwa tayari imefunikwa. Küngolt aliona kwamba kugonga sufuria hakutasaidia. Alivuka mpaka Ottenried, akamtafuta Heini Suter, mume wa Madlen, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa matuta ya kule, akamwomba akate tuta lao penye mashamba ya shayiri, maji yaingie huko, ili mto upungue.

Wanaume walicheka. "Bado siku kumi tu tuvune shayiri," mmoja alisema. "Mwambie Papa wenu awachotee maji kwa kofia yake."

"Nitamwambia nikimwona," alijibu Küngolt. "Leo nimewaona ninyi."

Heini aliitazama shayiri. Ndipo Madlen, mkewe, akatoka nyuma akiwa na jembe. Mwaka wa tauni alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. "Mimi nimeishi miaka kumi na mmoja ya bure," alisema. "Heini, unakata au nikate mwenyewe?" Akapiga jembe la kwanza. Wengine waliokuwa ghalani siku zile walimfuata, kisha watoto wao, na mwisho Heini.

Mto ulipungua kimo cha mtu mmoja kabla ya magharibi. Lorenschachen ilipona.

Siku mbili baadaye Melk alivuka hadi kisiwani. Alikuwa na mvi. Alisimama penye kokoto asijue aweke wapi mikono.

"Dada," alisema hatimaye.

"Miaka kumi na mmoja nakusikia ukiwafokea watu pale kwenye tuta," Küngolt alimwambia. "Sauti yako bado mbaya. Keti ule, samaki anapoa."

Aliketi, lakini hakula; alilia, na dada yake akamwacha alie. Kisha akamwambia habari za Uli alipokuwa mdogo, mambo ambayo wao wawili tu ndio waliobaki kuyajua.

Majira ya kupukutika kwa majani mwaka huo, Lorenschachen tuliwapelekea Ottenried nusu ya shayiri yetu, na masika yaliyofuata pembe za pande zote mbili zilibomolewa siku moja. Vijiji vikapatana kwamba hakuna jiwe litakalowekwa mtoni bila mtu wa upande wa pili kuwapo na kuridhia. Küngolt aliruhusiwa kurudi, lakini alibaki kisiwani kwa hiari yake. Alifariki tarehe 14 Machi mwaka 1649, kwa homa ya mapafu, baada ya kumtoa majini msafiri asiyejulikana. Maneno yake ya mwisho kwa Melk yalikuwa, "Mzike yule mtu kwanza, yeye hana wenyewe." Wakafanya hivyo. Kwenye maziko yake watu wa Ottenried, wasiozifuata ibada zetu, walisimama nje ya ukuta wa makaburi, vichwa wazi kwenye mvua, mpaka mwisho.

Kanisa halijatamka neno lake juu yake, nami silitangulii. Ninaandika tu yaliyoshuhudiwa. Mwaka 1663 mvuvi wa Ottenried aliyepinduka ndani ya ukungu aliapa kwamba alisikia chuma kikigongwa mara tatu, akaogelea kuifuata sauti, akapanda nchi kavu mahali asipokuwapo mtu. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa na uchungu wa siku tatu alijifungua salama alipofungwa mkanda uliogusishwa kaburini kwa Küngolt. Na katika mafuriko matatu makubwa ya karne iliyofuata, hakuna mtu wa vijiji hivi viwili aliyekufa maji. Atakaye kuita hayo muujiza aite. Atakaye kusema ni matunda ya mapatano mema, naye hajakosea mbali.

Siku hizi mto umenyooshwa na wahandisi. Kisiwa hakipo, pale kilipokuwa pana shamba la mahindi. Lakini kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka, mtu mmoja wa Lorenschachen na mmoja wa Ottenried hutembea pamoja juu ya tuta, kwanza upande huu, kisha ule, nami nimetembea nao mara nyingi. Vijana wakiniuliza wamwigeje Küngolt, maana hakuna tena pengo la kuketi wala kisiwa cha kuhamia, huwaambia waanze na jambo dogo. Unapoyasukuma maji yatoke shambani kwako, vuka kwanza, ukaone yanaingia kwa nani.