Mtumbwi Wenye Kitako cha Kinu

Mwalimu wetu wa shule ya usiku alitueleza kwamba neno mtumbwi huenda limetokana na kutumbua, kwa kuwa gogo hupasuliwa tumbo likatolewa matumbo yote. Darasa zima likaandika. Mimi, niliyekuja kuhitimu shule ile kwa kelele kuliko mtu yeyote Morogoro, niliweka kalamu chini. Maana hiyo niliijua tangu enzi za Mjerumani.

Mjomba wangu alikuwa mchonga vinu huko juu ya Bigwa. Vinu vyake, wallahi, hata tetemeko la ardhi lingevipita kwa adabu. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipoingia, akida, mtawala wetu chini ya Mjerumani, akawa anakusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi, na waliokwenda hatukuwaona tena. Mjomba akaambiwa achonge mtumbwi wa kuvukia mto Ruvu; ukifaa, atabaki nyumbani.

Hakuwahi kuuona mtumbwi. "Si gogo lenye shimo?" alimwambia mama, dada yake. "Mimi nimetoboa magogo maisha yangu yote." Akachonga alivyojua: ukingo mwembamba, na upande wa shina akaacha kitako kinene, kama kinu kinavyotaka ili kisiyumbe.

Tukaliteremsha gogo lile kwa kamba, mgongo karibu unikatike vipande mia. Mtoni, mvushaji mzee alicheka mpaka akakaa chini.

"Enyi watu wa milimani, mmekuja kuutwanga mto?"

"Mchi tumeusahau nyumbani, mzee wangu," mjomba akajibu. Hata askari aliyetusindikiza alicheka.

Kisha mzee akakipapasa kile kitako, kicheko kikamwisha. "Mwanangu, huu haujatumbuliwa. Matumbo yamo bado. Omba muda, nikusaidie."

Mjomba akaomba. Askari akanyoosha kiboko kuelekea wapagazi wa jeshi waliokuwa ukingoni, wamefungwa kamba shingoni. "Chagua. Chombo chako, au kule."

Mjomba akaingia mtumbwini. Mwanzo chombo kilikwenda vizuri. Mjomba akanigeukia, akainua kasia kwa furaha. Halafu kitako kikazama, ncha ikapanda, gogo likasimama wima katikati ya maji, bila kuyumba, kama kinu chochote alichowahi kuchonga. Kuogelea hakujua. Kule juu angefundishwa na nani?

Nilirudi nyumbani bila yeye. Mama alikibingirisha kinu chetu, kazi ya kaka yake, akakifudikiza uani. Tukala mahindi ya kuchemsha, maana hakuna aliyetwanga. Majirani nao, mmoja mmoja, wakavinyamazisha vinu vyao mpaka arobaini ikapita.