Balbu Iliyowaka Tena

Juzi mjukuu wangu alinitonesha kidonda bila kujua. Ni fundi wa umeme wa magari hapa mtaa wa Fedha, msichana, na wanaume humletea magari yaliyowashinda wao. Ndiyo, najivuna. Alikuwa na gari kuukuu la mteja, nyaya ziko nje kama matumbo ya mbuzi. Akaniita, "Shosho, kaa kiti cha mbele uniangalilie hii balbu. Ikizima, sema." Nikamwambia magoti yananiuma. Magoti yangu ni mazima, rafiki yangu. Ni ile harufu ya waya ulioungua iliyonizuia.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na tuliishi Makongeni, chumba kimoja. Gari lake kuukuu lilikuwa la pekee kwenye laini yetu ya nyumba, na kila fyuzi aliyoweka iliungua. Mahali fulani waya ulikuwa umechubuka, unagusa bodi ya gari. Fyuzi ikiungua imekukinga, lakini baba alichoka kukingwa. Alichukua karatasi ile ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaiviringa, akaipachika mahali pa fyuzi. Mama, tumbo limeshafika miezi yake, alisema huku akigeuza mandazi, "Baba watoto, hiyo karatasi itatuchoma." Na gari hilohilo ndilo lingempeleka hospitali.

Jumapili moja baba aliamua kuusaka huo waya. Alipachika balbu mahali pa fyuzi, akanikalisha mbele. "Ikiwaka, ugonjwa bado upo. Ikizima, piga kelele." Akaingia chini, akawa anatikisa waya mmoja mmoja. Jirani yetu, dereva, alikuja na kikombe mkononi.

"Fundi wa treni! Hiyo haina reli, utapotea!"

"Potea wewe na chai ya mke wangu!"

Watu wakacheka. Mimi macho yalikuwa yananitoka machozi kwa kukodolea balbu. Mara ikafa.

"Imezima!"

Baba akaufunga ule waya kwa utepe, akatoka na grisi hadi masikioni, akaingiza kichwa dirishani na kuniita fundi wake mkubwa, watoto wote wakisikia. Jirani akaegemea mlango akitupongeza, na balbu ikawaka. Akainuka, ikazima.

Niliiona mimi peke yangu. Nikanyamaza. Sikuwa mjinga, nilijua maana yake. Nilitaka tu niendelee kuitwa fundi.

Fyuzi nzima hakuwa nayo. Baba akairudisha karatasi, akasema sasa haina ubaya, waya umepona.

Siku ya tatu, asubuhi, mama alishikwa na uchungu. Tulikuwa Jogoo Road gari lilipoingia shimoni, na moshi ukafuka chini ya usukani. Wanawake waliokuwa wakiuza kando ya barabara walimvuta mama nje, wakamzungushia leso, na mdogo wangu akazaliwa juu ya mkokoteni wa kabeji. Mzima, analia kwa hasira. Nyuma yetu gari likaungua hadi likabaki vyuma.

Mama akasema mbele ya watu wote, "Si nilikwambia hiyo karatasi?" Hakurudia tena maisha yake yote. Hakukuwa na haja.

Kabla ya hapo baba ndiye aliyetengeneza redio za laini nzima. Jumapili nyumba yetu ilinuka risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyushwa, redio tatu zikiimba nyimbo tatu, na watu wakibishana mlangoni ni ipi izimwe. Jumapili hizo ziliisha palepale. Leo hata wenye kubishana hawapo, wala baba, wala mama, na hakuna aliyebaki wa kuungamia.

Mwezi haukwisha tangu gari liungue, jirani akaleta redio yake iliyokwama. Baba hakuipokea.

"Mkono wangu si wa kuaminiwa," akasema. "Muulize mama watoto."

Nilikuwa mlangoni na ungo, nachagua mchele. Sikuinua kichwa. Niliendelea kutoa mawe.